Mkono Unaofunga Kabla ya Kukata

Daktari bingwa anayemfanyia upasuaji mwanamke mwenye saratani changa ya mlango wa kizazi hatoi kizazi peke yake. Hutoa pia nyama za pembeni zinazokishikilia na kipande cha juu cha uke, vyote vikiwa vimeshikana, kisha hutoa tezi za limfu za nyonga. Ni kazi ya saa kadhaa, na muda mwingi hauendi kwenye kukata. Unakwenda kwenye kutenganisha polepole vitu ambavyo maumbile yamevibana mahali pamoja: kibofu mbele, utumbo nyuma, mishipa mikubwa ya damu pembeni.

Mahali pagumu kuliko pote ni pale mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo unapopita chini ya mshipa wa damu wa kizazi, sentimita chache tu kutoka kwenye uvimbe. Madaktari wanafunzi hufundishwa kukumbuka kwamba maji hupita chini ya daraja. Daktari hukata daraja hilo na kuufunua mrija hadi unapoingia kwenye kibofu. Lakini asiumenye. Umezungukwa na utando mwembamba wenye vijishipa vinavyoulisha damu, na ukiuondoa, siku chache baadaye mrija hutoboka na mgonjwa hupata fistula. Mkono uliokwisha kuifanya kazi hii mara nyingi huvuta kidogo, husubiri, hutazama, ndipo mkasi uingie. Nakiri kwamba katika ufundi wote wa chumba cha upasuaji, hakuna ninaouheshimu kuliko huu.

Ufundi huo una miaka mingi. Daktari Ernst Wertheim alifanya upasuaji wake wa kwanza wa aina hii mjini Vienna tarehe 16 Novemba 1898. Hapakuwa na antibiotiki wala benki ya damu, na wagonjwa wake wa mwanzo walikufa wengi, lakini hakuacha. Alisahihisha hatua kwa hatua, na mwaka 1911 akatoa taarifa ya wagonjwa 500. Kati ya vitu alivyotuachia kuna koleo zilizopinda kama pembe mraba. Kabla ya kuukata uke, koleo hizo huubana chini ya uvimbe, ili uvimbe ubaki umefungiwa ndani na usigusane na tumbo lililo wazi.

Zaidi ya miaka mia moja baada ya upasuaji ule wa 1898 ikaja mashine. Mwaka 2006 madaktari wa Norway walitoa taarifa ya upasuaji wa aina hii uliofanywa kwa roboti, na njia ya matundu madogo, kwa roboti au kwa laparoskopi ya kawaida, ikaenea haraka katika nchi tajiri. Na ilistahili kupendwa: damu haipotei nyingi, kidonda ni kidogo, mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Kwa saratani ya kizazi chenyewe, huko juu ndani ya mfuko, njia hiyo imethibitika kuwa salama.

Kwa mlango wa kizazi mambo yakawa mengine. Utafiti ulioongozwa na Pedro Ramirez wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Texas, uliwagawa kwa kura wanawake 631 wenye saratani changa: 319 wapasuliwe kwa matundu madogo, wengi kwa laparoskopi na sehemu ndogo kwa roboti, na 312 wafunguliwe tumbo. Ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa, kwa sababu ya vifo. Taarifa ilipotoka Novemba 2018, saratani ilikuwa imewarudia wanawake 27 wa matundu madogo na 7 wa tumbo wazi. Kati ya vifo 22, 19 vilikuwa vya kundi la kwanza. Wengi walitarajia matokeo yawe sawa.

Sababu haijulikani yote, ila dalili zinaelekea upande mmoja. Katika njia ya matundu madogo, mara nyingi chombo chenye mpini huingizwa kupitia mlango wa kizazi wenyewe ili kukisukuma kizazi huku na huku, maana yake chombo hicho kinapita katikati ya uvimbe. Tumbo hujazwa gesi. Uke hukatwa kutokea ndani, na uvimbe hubaki uchi humo. Utafiti wa Ulaya uliofuata, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba chombo kile kilienda pamoja na kurudi kwa saratani mara nyingi zaidi, na kwamba madaktari walioufunga uke kwanza ndipo wakakata walipata matokeo mazuri zaidi. Hatua iliyoachwa njiani, bila mtu kudhani ina uzito, ndiyo ile ya koleo za Wertheim.

Kwa mama wa wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, jambo hili ni la karibu. Wilaya hii imeishi kwa dhahabu tangu miaka ya 1920, na penye migodi na makarasha watu huja na kuondoka, na maambukizi husafiri nao. Maambukizi ya VVU mkoani Mbeya yamekuwa juu ya wastani wa taifa kwa muda mrefu, na mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani hii takriban mara sita ya asiye nayo. Hakuna roboti inayomsubiri mwisho wa lami ya kwenda Mbeya mjini. Lakini akipasuliwa kwa kufunguliwa tumbo na mtu aliyefundwa vizuri, asihesabu kwamba amepewa cha maskini. Amepewa njia iliyoshinda.

Sharti ni afike mapema, na hapo yupo fundi mwingine asiyesifiwa: muuguzi mwenye taa, pamba na siki. Huipaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama pametokea weupe, na weupe wa kawaida na ule wenye hatari hautofautishwi na jicho la haraka. Yeye ndiye anayeamua kama bingwa atapata uvimbe unaotoleka. Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshavuka mipaka ya kisu. Kinachobaki ni mionzi, mara nyingi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Kwa hiyo kina mama wa Makongolosi, Lupa na Chunya mjini, mliofika miaka 30, na wenye VVU hata kabla ya hapo: nendeni mkapimwe hata kama hamna maumivu. Na mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo yao ya kuzuia saratani hii. Siku hizi ni dozi moja tu.