Mkono wa Mlezi wa Mimea ya Kivulini

Kulea mmea katika chumba chenye mwanga hafifu ni ufundi kamili, unaostahili heshima ileile tunayompa seremala au fundi cherehani. Kwa kuwa vifaa vyake ni chungu, udongo na kopo la maji, wengi hudhani hauna la kujifunza. Lakini pita kwenye ghorofa za Kariakoo, ambako madirisha mengi ya sebuleni hutazamana na ukuta wa jirani. Mlango huu mmea umeoza ndani ya miezi michache. Mlango wa pili mmea wa aina hiyohiyo umekaa miaka, majani yamekolea kijani na yanang'aa. Mwanga ni uleule. Kilichotofautiana ni mkono wa mlezi.

Mlezi hodari huanza kwa kuuliza mmea umezaliwa wapi. Chukua zamiokulkasi, mmea ninaoupenda kuliko yote ya ndani, wenye vijani vinene vilivyojipanga pande mbili za kikonyo kilichonyooka. Kile tunachodhani ni tawi ni jani moja zima. Shina lenyewe limejilaza udongoni, nene, limejaa maji. Asili yake ni Afrika ya Mashariki na Kusini, kuanzia Kenya na Tanzania mpaka Afrika Kusini, kwenye misitu mikavu na miamba yenye kivuli. Huko mvua hunyesha kisha hukatika kwa miezi, na mmea huishi kwa akiba yake. Wataalamu wa Ulaya waliuandika vitabuni tangu mwaka 1829, lakini ulisubiri mpaka miaka ya 1990, vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi. Leo umepamba ofisi na hoteli duniani kote, na sisi tunaununua tukidhani ni mgeni.

Ua la Usambara nalo ni la kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alilipeleka kwao, na kwa heshima yake likaitwa Saintpaulia. Limezoea miamba yenye unyevu na ukungu, chini ya miti mikubwa, karibu na vijito. Kwa hiyo halivumilii jua kali, ila hutaka mwanga laini wa karibu na dirisha, hewa yenye unyevu, na maji yanayotiwa kwenye udongo bila kulowesha majani. Ukilitunza kama zamiokulkasi litakauka. Ukiitunza zamiokulkasi kama ua hilo, itaoza.

Baada ya asili huja mwanga, na hapo macho hutudanganya. Jua la adhuhuri hufikia kipimo cha mwanga cha takriban laksi 100,000, ilhali hatua chache kutoka dirishani huwa zimebaki mia chache tu. Mboni zetu hupanuka, tukaona chumba cheupe. Ndiyo maana mlezi hategemei macho peke yake. Saa sita mchana hutandika karatasi nyeupe pale anapotaka kuweka chungu, akanyoosha mkono juu yake. Kivuli chenye kingo kali ni dalili ya mwanga mwingi. Kivuli kilichofifia kinaitosha zamiokulkasi. Kivuli kisipoonekana kabisa, chungu kisogezwe karibu na dirisha.

Halafu maji, ambayo ndiyo mtihani wenyewe. Mmea hunywa kadiri unavyojitengenezea chakula, na chakula hutengenezwa kwa mwanga. Mwanga ukipungua, kiu nayo hupungua. Ukiendelea kumwagilia kila siku, maji hujaza nafasi zote za hewa udongoni, mizizi hukosa pumzi, huoza, na majani hugeuka manjano. Mwenye huruma huona manjano yale akadhani ni kiu, akaongeza maji. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mlezi mzuri huchomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini ya chungu. Kikitoka na udongo uliokigandama, huondoka zake na kopo lake. Chungu chake kina matundu, na udongo wake umechanganywa na mchanga wa mto na makumbi ya nazi yaliyosagwa, ili maji yapite. Kazi yake nyingine ni kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, maana jani lenye vumbi hunyimwa hata ule mwanga mdogo uliopo.

Kilele cha ufundi huu ni kuzalisha mmea mpya kutokana na kijani kimoja cha zamiokulkasi. Unakichomoa kwenye kikonyo, unakiacha jeraha likauke, unakipachika kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Wiki zinapita na hakuna kinachoonekana. Baada ya miezi, kichimbue polepole: chini yake pamevimba kijiazi kidogo kama punje ya mahindi, na vijizizi vyeupe vimeanza kutoka. Jani changa litachelewa zaidi. Mimi sijui kazi nyingine ya nyumbani inayomfundisha mtu waziwazi namna hii kwamba kuacha kugusa nako ni kutunza.

Nawe msomaji, ukitaka kuanza, anza na zamiokulkasi. Iweke mahali ambapo mtoto anayetambaa haifikii, kwani utomvu wake huwasha mdomo na koo. Mwagilia udongo ukishakauka mpaka chini, si kabla. Wala usiende kuichimba msituni: misitu ya pwani yetu imepungua vya kutosha. Nunua mche kwa muuza maua wa barabarani, kisha zalisha wako, uwagawie majirani.