Mawe ya Nakshi ya Uchagani

Mwaka 1952 jarida la Man la Uingereza lilichapisha makala ya Henry Fosbrooke na Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu juu ya miamba ya Kilimanjaro iliyochongwa nakshi. Wageni wengi walikuwa wamekwisha kuisifu theluji ya mlima huu. Hawa wawili waliinama wakayatazama mawe. Kwa hilo twawashukuru. Lakini shukrani haituzuii kuhukumu.

Nakshi hizo kwa sehemu kubwa ni mistari yenye kupinda na kujikunja, nazo zahusishwa na ngasi, yaani jando la Wachaga. Basi si haki kuzipima kama pambo. Katika mafunzo ya jando palikuwa na mregho, fimbo yenye chanjo, na kila chanjo ilikuwa na fundisho lake, juu ya kuzaliwa, kukua na kuishi na watu. Sisi tutungao mashairi twaijua kazi hiyo: kina na kituo humshika msomaji mkono asipotee njiani. Chanjo za fimbo zilimshika mwalimu vivyo hivyo. Mwenye kulisoma jiwe bila fimbo, na fimbo bila maneno yake, amehesabu mizani ya shairi asilolielewa.

Maneno hayo hayakupotea yote. Mmisionari Bruno Gutmann aliyaandika katika Die Stammeslehren der Dschagga, juzuu 3 zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Ni kazi kubwa, ila maelezo yake ni ya Kijerumani, na ni wangapi Old Moshi au Mamba wawezao kuyafuata? Marealle mwenyewe alikuwa ametuonyesha njia iliyo bora: kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha mwaka 1947, alikiandika kwa Kiswahili. Twasikitika kwamba habari za mawe zilitoka kwa Kiingereza, katika jarida lisilofika kihambani. Mwenye kihamba atakaye kujenga huliona jiwe kubwa, naye asipoambiwa lolote juu yake, atalipasua kwa nyundo aweke msingi wa nyumba. Nani atamlaumu?

Sheria nayo yahitaji kutazamwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huzilinda nakshi za miamba zilizofanywa kabla ya 1863. Mwaka huo wafaa kwa jengo lenye tarehe mlangoni. Ngasi iliendelea vizazi kwa vizazi. Nani atausoma mwaka katika mstari uliopinda? Kweli, Waziri amepewa uwezo wa kutangaza mengine yalindwe, lakini hawezi kutangaza asichokijua.

Michoro ya Kondoa iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ilistahili. Kilimanjaro iliingia mapema zaidi, mwaka 1987, lakini kwa maumbile yake tu: kilele, theluji na msitu. Mkono wa mtu haukutajwa. Kwa hiyo twapendekeza makala ile ya 1952 ifasiriwe kwa Kiswahili pamoja na michoro yake, na mafundisho ya mregho yaambatanishwe nayo, kisha nakala zipelekwe kwanza katika shule za Vunjo, kabla ya maktaba za Dar es Salaam.