Negativu Ibaki kwa Nani? Kamera ya Mtumba na Vitabu Viwili

Bibi yangu hakuwahi kuikubali kamera yoyote niliyokwenda nayo nyumbani Kasingirima. Simu aliifunika kwa kiganja. Kamera ya kidijitali ya kazini aliigeuzia mgongo akaendelea kuchambua mchele. Mwaka juzi nikafika na Zenit-E ya mtumba, chuma kizito cha Kisovieti, nikamkuta barazani. Akainyoosha mikono, akaipokea, akaipima uzito kama anapima kuhe sokoni.

"Mume wangu, hii ni ya mkanda?"

"Ya mkanda, bibi."

"Ina negativu?"

"Inayo."

"Basi negativu itabaki kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari zaidi ya miaka kumi, chuoni nilisoma nadharia za picha na nikazifaulu, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo. Tangu siku ile nimerudia vitabu viwili ninavyovipenda kuhusu picha, nikitafuta kama vina jibu la kumpelekea bibi. Kimoja hakina kabisa. Cha pili kinalikaribia, kisha kinaishia njiani.

Lakini tuanze na chombo chenyewe, maana wasomaji wengi wa umri wangu wameanza kuzitafuta kamera hizi. Zimerudi kwelikweli. Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, watu tukadhani mkanda ndio umezikwa. Leo mikanda yake bado inatengenezwa, na mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17. Sisi wa mfuko mwepesi tunabaki na mitumba. Zenit-E ilianza kutengenezwa mwaka 1965 huko Krasnogorsk, karibu na Moscow, na zikatoka kwa mamilioni, ndiyo sababu bado unaweza kuipata kwa bei ya kibinadamu. Haina betri. Kipima mwanga chake ni cha seleniamu, kinajiendesha kwa mwanga wenyewe, na kama binadamu, kinazeeka.

Ukikutana nayo, usilipe kwanza. Fungua mgongo, ielekeze kwenye mwanga, ufyatue kwa kila spidi, kuanzia 1/30 hadi 1/500. Tazama pazia lake la kitambaa kama lina vitundu. Kisha umulike lenzi kwa tochi. Ukiona kitu kinatambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaijua vizuri, inapenda unyevu na inapenda kamera iliyofungiwa kabatini miaka.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na wakusanyaji wenzangu. Sina ugomvi na mtu mwenye kamera ishirini kwenye shelfu, mimi mwenyewe ninazo tano, na mbili hazijawahi kula mkanda mikononi mwangu. Ila tunakusanya mashine na kusahau kilichotoka ndani yake. Studio iliyonipiga picha nilipomaliza darasa la saba ilifungwa zamani. Nilipouliza negativu zilikokwenda, nikaambiwa zilichomwa pamoja na takataka. Kamera ya studio hiyo, nadhani, ipo sebuleni kwa mtu, imepanguswa vizuri inang'aa. Nyuso za mtaa mzima zilikwenda na moshi.

Kitabu cha kwanza ni cha Roland Barthes, Mfaransa, *La Chambre claire*, kilichotoka mwaka 1980. Watu wengi tulikisoma kwa sababu ya maneno mawili ya Kilatini anayoyatumia: *studium*, ile hamu ya kawaida ya kuitazama picha na kuielewa, na *punctum*, kile kitu kidogo kwenye picha kinachokuchoma. Chuoni tuliyachezea maneno hayo mpaka yakachakaa. Ukikirudia ukiwa mtu mzima, unagundua ni kitabu cha msiba. Mama yake alifariki Oktoba 1977. Barthes anapekua picha za marehemu, haridhiki na hata moja, hadi anapoipata moja ya mwaka 1898, mama akiwa mtoto wa miaka mitano, amesimama na kaka yake kwenye bustani ya vioo. Hapo ndipo anamwona mama yake alivyokuwa. Na picha hiyo, katika kitabu chenye picha nyingi, hatuonyeshi. Anasema kwetu ingekuwa picha tu kama nyingine.

Kwa miaka mingi nililiona jambo hilo kuwa ndilo tendo la kijasiri kuliko yote katika kitabu kile. Sasa ninaliona na pengo lake. Barthes anaandika kama mtazamaji. Mwenyewe anakiri kwamba si mpiga picha hata wa kujifurahisha, hana subira, anataka aone papo hapo alichokipata. Kwa hiyo anaongea na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Kioo cha negativu kilibaki kwenye kabati la nani, hilo halimsumbui. Picha ya mama yake iko mezani kwake. Ana uwezo wa kuificha kwa sababu ni yake. Wengi wetu huku hatujawahi kuwa na uwezo huo.

Nilianza kuliona pengo hilo siku nilipokuwa na mikono iliyolowa dawa. Mikanda ya rangi naituma Dar es Salaam kwa basi. Ya nyeusi na nyeupe naisafisha mwenyewe, kwenye chumba cha uani. Dawa ya kusafishia inataka maji ya nyuzi 20, na mchana wa Kasingirima maji ya bomba hayajui nyuzi 20 ni nini. Dawa ikiwa ya moto, picha inaiva haraka kupita kiasi. Kwa hiyo nanunua barafu kwa wauza samaki, ileile inayolaza migebuka, nalaza chupa zangu humo hadi kipimajoto kitulie. Mkanda unatakiwa uviringishwe kwenye spuli gizani kabisa, hata mwanga wa chini ya mlango ni adui. Ni mimi pekee mtaani kwetu niliyewahi kufurahi umeme ulipokatika saa mbili usiku.

Kuna jambo jingine kamera hii ilinifundisha. Kipima mwanga hakina akili. Kila kitu mbele yake kinakihesabu kuwa kijivu. Mweke mtu mweusi mwenye kanzu nyeupe kwenye jua la Ujiji, kipimo kitaisikiliza kanzu, na uso utatoka kama kivuli. Dawa yake ni kusogea. Unamwendea mtu hadi unakaribia uso wake, unapima mwanga pale, unarudi nyuma, ndipo unapiga. Ukishamsogelea mtu kiasi hicho, huwezi kumpiga bila yeye kujua. Lazima umsalimie. Lazima akuulize unataka nini.

Na hapa inabidi niseme jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mwalo wa Kibirizi, nilimpiga kwa simu mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Sikumsalimia. Mwanga ulikuwa mzuri, basi, nikabonyeza. Picha ikatoka na habari yangu kuhusu bei ya dagaa. Baadaye ikatumika tena, na tena, kwenye habari ambazo sikuziandika, moja ikiwa kuhusu umaskini. Mama yule alinipata mwenyewe, safari nyingine niliyokwenda pale. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nilikuwa kazini. Umaskini wangu ulionyeshwa na nani?" Nikamwomba radhi. Akataka niifute. Nikamweleza kwamba haifutiki, iko kila mahali. Akanitazama, kisha akarudi kwenye dagaa wake. Sijaandika habari hii popote hadi leo.

Susan Sontag, katika insha zake zilizokusanywa mwaka 1977, aliifananisha kamera na silaha. Angekijua Kiswahili angefurahia kwamba sisi picha tunaipiga. Ila pia tunapiga pasi, tunapiga simu na tunapiga mswaki, kwa hiyo tusimpe ushahidi wa bure. Kosa langu Kibirizi halikuwa katika kupiga. Nilibaki na kila kitu, na mama wa watu akabaki bila chochote cha kushika.

Kitabu cha pili ni cha Heike Behrend, mwanaanthropolojia Mjerumani, *Contesting Visibility*, cha mwaka 2013, kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Hiki ningependa kila mpenzi wa kamera za mtumba akisome kabla ya kununua kamera ya tatu. Behrend anakwenda Lamu kwenye studio ya Bakor, maarufu kwa picha za kukata na kuunganisha. Anakwenda Mombasa kwa wapiga picha wa feri ya Likoni na mapazia yao ya kuchorwa. Tena hawasahau wanaokataa. Anaonyesha kwamba katika miji ya Waislamu ya pwani, kujificha na kamera, kufunika uso, kuchagua nani aone picha ya harusi na nani asione, navyo ni sanaa yenye kanuni zake. Anayekataa picha si mshamba aliyeachwa nyuma na mashine. Nilipofika hapo nilimwona bibi yangu na kiganja chake.

Tatizo langu na kitabu hiki ni ramani. Kinasimama pwani. Lakini barabara ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ikapita Tabora iliishia hapa Ujiji, na haikuleta meno ya tembo na maumivu peke yake. Ilileta dini, kanzu, lugha, na adabu ileile ya kujisitiri ambayo Behrend anaiandika. Sisi ni pwani iliyochanwa ikatupwa kwenye ziwa. Na tuna hoja ya kuongeza, maana mji huu umeonekana na dunia nzima bila kujitazama. Kila mtu ameiona "picha" ya Stanley na Livingstone wakikutana Ujiji mwaka 1871. Ni mchoro, ulichapwa Ulaya katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872. Watu wa Ujiji wamo, wamejaa pembeni, hawana majina.

Mwaka huohuo Stanley aliingia na mtoto Kalulu, aliyepewa kama mtumwa huku bara, kwenye studio ya London Stereoscopic Company, wakapigwa picha pamoja. Kalulu alikufa mwaka 1877 kwenye maporomoko ya Mto Kongo. Uso wake upo hadi leo, umetunzwa vizuri kwenye hifadhi za watu. Kilichobaki kwa wazazi wake ni nini? Behrend ana vifaa vyote vya kuliuliza swali hilo, ila anaandika zaidi juu ya nani anaonekana kuliko juu ya nani anatunza. Kwa bibi yangu, la pili ndilo la kwanza.

Nilirudi Kasingirima na jibu. "Bibi, negativu itabaki kwako." Akacheka. Akasema nisubiri hadi Ijumaa. Ijumaa akajifunga kanga mpya, akakaa barazani, akanipangia mwenyewe mahali pa kusimama. Nilimsogelea na kamera usoni, nikapima, nikarudi nyuma. Fremu tatu tu. "Zinatosha," akasema, na zilitosha.

Nilizisafisha usiku ule kwa barafu ya samaki. Asubuhi, zilipokauka kwenye kamba, nilizikata kipande kimoja cha fremu tatu nikampelekea. Akakiinua juani kwa jicho moja, akajiona mweusi pa nyeupe na mweupe pa nyeusi. "Ndo mimi huyu?" "Ndo wewe, bibi." Akakiviringa kwenye kitambaa, akakitia kwenye sanduku lenye vyeti vya watoto na kanzu ya marehemu babu. Picha moja iliyochapwa akanipa mimi. Akaniambia niitazame, nisiitembeze.

Kwa hiyo haimo kwenye makala hii. Barthes alificha ya kwake kwa kuhofia tusingehisi kitu. Mimi nadhani mngehisi, tena sana, ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Lakini si yangu kuitoa.

Mama wa Kibirizi sina negativu ya kumrudishia. Nilichoweza ni kumwandikia mhariri aondoe picha yake kwenye hifadhi yetu, akaiondoa; nakala zilizokwisha kutoka hazirudi. Nikienda tena Kigoma nitapita mwaloni nimweleze hivyo. Kamera nitaiacha nyumbani, kwenye ile shelfu, pamoja na zile nne.