Mafundi wa Upinde wa Eyasi

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanastahili pongezi kwa namna wanavyomwanzisha mtu katika ulengaji. Mtoto wa kiume hupewa upinde akiwa bado mdogo sana, wa miaka mitatu hivi, naye huanza kwa kulenga chochote kilicho mbele yake. Hakuna darasa. Upinde wenyewe hukua pamoja naye: kila akiongeza nguvu, hupata ulio mgumu zaidi kuvuta.

Ufundi mkubwa, hata hivyo, umo kwenye mshale. Fundi hukata kijiti, hukibambua gome, hukipasha moto na kukinyoosha kwa meno, kisha hufumba jicho moja na kukikagua. Kikiwa kimepinda kidogo tu, hurudi motoni. Manyoya ya kanga au ya tai hufungwa kwa ukano wa mnyama ili mshale usiyumbe hewani.

Kwa ndege na wanyama wadogo kama pimbi, ncha ya mti iliyochongwa inatosha. Kwa mnyama mkubwa huhitajika chembe cha chuma, nacho hutoka kwa wahunzi wa jamii jirani ya Wadatoga, wanaofua misumari kuwa vyembe na kupokea asali au nyama kama malipo. (Biashara nzuri hiyo, kwa pande zote mbili.) Chembe hicho hupakwa sumu, mojawapo ikiwa ile inayochemshwa kutokana na utomvu wa waridi la jangwani. Mishale ya aina hiyo hapewi mwanafunzi.