Hendibreki Juu ya Breki za Moto

Mengi yamesemwa tangu ile Subaru Impreza ya bluu ipitilize kona ya pili na kuzoa koni katika raundi ya mchana. Wamelaumiwa wauzaji wa pedi feki, imelaumiwa lami, yamelaumiwa hata matairi. Mimi nasema gari lile liliharibiwa likiwa limesimama. Kosa lilitendeka asubuhi, mara tu baada ya mstari wa kumalizia, dereva alipokata kushoto moja kwa moja hadi eneo la sevisi, akavuta hendibreki mpaka juu, akazima injini na kushuka kupokea pongezi.

Raundi yenyewe aliiendesha vizuri sana: alikanyaga breki kwa kuchelewa bila kufunga tairi hata moja, na gia zake zote ziliingia kwa wakati.

Mliokuwa karibu na kamba mliinusa ile harufu kali inayochoma pua, mkaona na moshi mwembamba ukipenya kwenye rimu za mbele. Mtangazaji akaushangilia. Harufu ile peke yake haikuwa ugonjwa. Nyenzo za pedi hushikanishwa kwa resini, na pedi ikipata moto kuliko iliouzoea, resini hutoa gesi yenye harufu hiyo. Gari la barabarani likisukumwa kwa kasi ya mashindano, diski zake zinaweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi, kwa hiyo kunuka ni lazima. Ujumbe wa harufu hiyo ni mmoja: breki zimebeba joto jingi, zipewe upepo. Upepo wa maana unapatikana gari likitembea. Yeye akasimama.

Tazama kilichofuata. Diski ilipoacha kuzunguka, kipande kimoja tu ndicho kilichobaki katikati ya pedi mbili za moto. Hata mguu ukitoka kwenye pedali, pedi za mbele haziruki mbali. Hubaki zimeigusa diski. Sehemu iliyo wazi ikaanza kupoa, ile iliyofunikwa ikaendelea kuungua, na nyenzo ya pedi ikajibandika pale pale. Mchana, fundi alipofungua gurudumu la mbele kulia, nilisogea nikachungulia. Kwenye diski kulikuwa na doa la kijivu lenye ubluu kwa mbali, upana wake sawasawa na pedi, kingo zake zimenyooka kana kwamba mtu alipiga mhuri. Kwingine kote diski ilikuwa inang'aa. Watu wanasema diski imepinda. Haijapinda, imepakwa. Kila doa lile linapopita kwenye pedi, breki hushika zaidi, kisha huachia, na usukani hutikisika mkononi. Ile pua ya gari tuliyoiona ikitetemeka kabla ya kona ya pili ilitokana na doa hilo. Dereva akikutana na mtetemo wa namna ile, mguu wake hulegea bila yeye kuamua, na mita kumi zikipotea pale, koni zinakusubiri.

Joto halikuishia kwenye diski. Lilipokosa upepo likapanda kwenye pedi, likaingia kwenye pistoni za kalipa, likafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka, na yakishalowa, kiwango kinachokubalika kwa daraja hilo ni 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, tofauti na mafuta. Pedali iliyokuwa ngumu kwenye mstari wa kumalizia inaweza kuzama hadi sakafuni dakika chache baada ya kuegesha, na wengi hawaelewi kwa nini breki "zimekufa" wakati gari lilikuwa limepumzika.

Halafu kuna hiyo hendibreki, ambayo siwezi kuisamehe. Kwenye Impreza zenye diski nyuma, hendibreki haitumii pedi zile kubwa. Ina shuu zake ndogo ndani ya dramu iliyofichwa katikati ya diski. Dramu ya moto imetanuka. Ukizibana shuu juu yake na kuondoka, unazipika zikiwa zimegandamana, na dramu inapopoa inasinyaa juu ya shuu hizo. Na yote haya kwenye uwanja tambarare! Jiwe moja nyuma ya tairi lingetosha. Gia ya kwanza ingetosha.

Injini nayo ilizimwa ikiwa bado ina hasira. Najua mtaniambia turbo ya Subaru hupozwa kwa maji, na ni kweli maji hayo huendelea kuzunguka kidogo kwa nguvu ya joto lenyewe hata injini ikizimwa. Lakini oili husimama pale pale. Ile iliyobaki kwenye beringi, jirani kabisa na nyumba ya turbini, huungua na kuacha masizi magumu, na kila raundi inayomalizwa hivyo huongeza tabaka. Dakika mbili za mwendo wa polepole zingeiokoa bila gharama yoyote.

Nimelisema jambo hili mara nyingi na nitalisema tena: vijana wetu wananunua bawa la nyuma, wananunua ekzosi ya kupiga kelele, halafu mafuta ya breki ni yale yale yaliyokuja na gari kutoka Japani. Na waandaaji wanatenga nafasi ya spika na ya mahema ya wadhamini, lakini hakuna kipande cha barabara cha kupozea magari. Dereva akitoka mstarini anaelekezwa kuegesha mbele ya watazamaji.

Wazee wetu walishinda kwa kulitunza gari. Joginder Singh, yule Simba, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Lancer, na kati ya Safari 22 alizoanza alimaliza 19. Shekhar Mehta alishinda mara tano, na ushindi wa kwanza, mwaka 1973, ulikuwa kwa Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lenye diski mbele na dramu nyuma. Mwaka ule yeye na mpinzani wake Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawa baada ya maelfu ya kilomita. Katika mbio za aina ile, anayechoma breki zake siku ya kwanza hafiki siku ya mwisho.

Kuna hasara nyingine ambayo sikuisikia ikitajwa. Kwa kuzima gari pale, timu ilijinyima nafasi ya kutambua nini hasa kinanuka. Mmoja alifungua boneti, mwingine akalala chini ya gari, wa tatu akaapa ni klachi. Katika injini hizi za boksa, gasketi za vifuniko vya valvu zikichoka, oili hudondokea kwenye ekzosi iliyopita chini yake na kunuka vibaya. Buti ya CV joint ikipasuka, grisi hurushwa kwenye bomba la moto. Maji ya rejeta yenye kulanti yana harufu tamu. Raundi moja ya kupoza breki ingetenganisha haya yote: harufu ya pedi ingepungua kadiri diski zinavyopata upepo, harufu ya klachi ingeisha taratibu kama haikuguswa tena, na ya oili juu ya ekzosi ingebaki vile vile, au ingezidi gari likisimama.

Kabla ya mashindano yajayo, diski za mbele zisuguliwe hadi doa litoke, au zichongwe kama unene unaruhusu. Pedi zipigwe msasa na kuzoeshwa upya kwa breki za wastani za kurudiarudia, bila kulisimamisha gari kabisa katikati ya zoezi. Mafuta ya breki yamwagwe yote, yawekwe mapya na hewa itolewe magurudumu yote manne. Na diski za nyuma zivuliwe ili shuu za hendibreki zikaguliwe, kwa sababu hakuna aliyezitazama siku ile.