Seli Nne za Lithiamu

Kabla ya kugusa seli, fundi anavua pete na saa, anavitia mfukoni. Anachukua spana namba 10 na kuuzungushia mpini wote tepu nyeusi, ukabaki wazi mdomo tu unaoshika nati. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.2, haimrushi mtu. Ila chuma kikigusa chanya na hasi kwa pamoja, mamia ya ampea hupita papo hapo, na pete huiva ikiwa kidoleni.

Karakana yake iko Kilwa Masoko. Mezani zimepangwa seli nne za lithiamu, chuma na fosfeti, kila moja ya ampea-saa 280, uzito wa kilo tano na ushei. Kemia hii ilitoka katika maabara ya John Goodenough, Texas, miaka ya 1990, na huvumilia joto kuliko ile ya betri nyingi za simu. Hata hivyo, ukiijaza kupita kiasi seli huvimba na kutoa gesi inayoshika moto.

Anapima moja moja na kuandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni: 3.29, 3.29, 3.30, 3.28. Mimi ningeona zinalingana. Yeye haridhiki, na ana haki. Volti za seli hizi hazibadiliki sana tangu zikiwa na robo ya chaji mpaka karibu zijae, kwa hiyo seli mbili zinazosoma sawa zinaweza kupishana sana kwa ndani. Ukweli hujulikana juu kabisa, zinapokaribia kujaa.

Basi anaziunga sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Anaweka chaja kwenye volti 3.65 kwanza, anahakikisha kwa mita, ndipo anaunganisha. Chaja inatoa ampea 10. Seli zikiwa nusu, kazi hiyo hula zaidi ya siku mbili. Wapo wanaopandisha volti ili wawahi, kisha usingizi ukawapitia; seli zao huonekana kwa matumbo. Huyu hagusi kitufe. Anaandaa nyaya, anahudumia wateja wengine, anarudi kupima, mpaka ampea zishuke karibu na sifuri.

Zikishatulia anaziunga kwa mfuatano. Kila kipande cha shaba anakipiga msasa laini, anakifuta kwa spiriti, na kukaza nati kwa spana ya kipimo, maana nati iliyolegea huleta joto na iliyokazwa mno hung'oa uzi wa seli. Halafu bodi ya ulinzi, BMS. Waya mnene wa hasi hutangulia, kisha zile nyembamba kwa zamu. Plagi bado haichomekwi. Anashusha ncha ya mita kwenye pini moja moja, akitaja kwa sauti: 3.4, 6.8, 10.2, 13.6. Namba zinapanda kwa hatua sawa, ndipo plagi inaingia.

Nyumbani kwa mteja, mama anayeuza soda baridi, betri inawekwa sakafuni penye kivuli na hewa, mbali na bati na mbali na vyumba vya kulala. Fyuzi inakaa shibiri moja tu kutoka chanya. Kontrola ya zamani ya sola ilikuwa imepangwa kwa betri za asidi, na hiyo ndiyo hatari asiyoiona mwenye nyumba: mpango ule mara kwa mara husukuma mpaka volti 15 kusawazisha asidi. Fundi anaufuta, anaweka kikomo cha 14.2. Betri inaungwa kwanza, paneli mwisho.

"Fundi, si umesema bodi itakata yenyewe?" mama anauliza.

"Itakata, mama, kwenye 14.6. Lakini sitaki ikate kila siku. Kontrola ndiyo isimamishe chaji. Bodi ingoje siku kontrola itakapokosea."

Jua la saa sita linaanza kuijaza. Mita inaanza na 13.4, kisha inapanda haraka: 13.8, 14.0, 14.2. Hapo fundi amechuchumaa, haondoki. Anasoma kila seli kwenye simu, anagusa kila nati kwa mgongo wa kidole kutafuta joto, na anatazama ampea zikishuka. Seli ya tatu imetangulia kidogo, volti 0.01. Anaandika tarehe na namba hizo kwenye kifuniko, na kumwambia mama atarudi mwezi ujao kuzisoma tena na kukagua nati.