Polarimita Nzuri Utaijuaje?

Mwanga wa nyota ukipita kwenye vumbi la angani, mawimbi yake huelemea upande mmoja kuliko mwingine. Huko kuelemea ndiko polarisheni, na kifaa cha kuipima ni polarimita. Mwaka 1949, wanaastronomia W. A. Hiltner na John S. Hall walipoitangaza polarisheni ya vumbi hilo, walipima asilimia chache. Siku hizi husakwa sehemu chache kwa milioni, kwa hiyo usikisifu chombo kwa ukubwa wa darubini yake. Kagua haya.

Kwanza, prizimu. Ile ya Wollaston huugawa mwanga katika miale miwili inayopimwa kwa pamoja. Wingu jepesi likipita, yote miwili hufifia sawia na uwiano wake haubadiliki. Chombo cha mwale mmoja kinachopima polepole huweza kulihesabu wingu kama polarisheni.

Pili, bamba la nusu-wimbi, linalogeuza mwelekeo wa polarisheni na kuzungushwa mbele ya prizimu. Chombo cha FORS2, kilichoko Paranal nchini Chile, huweza kupima bamba likiwa kwenye nyuzi 0, 22.5, 45 na 67.5. Kutoka 0 hadi 45, miale hubadilishana nafasi, na kasoro nyingi za kigunduzi hufutana. Mpimaji anayeishia nyuzi 0 na 22.5 hana kinga hiyo.

Tatu, mahali chombo kilipofungwa kwenye darubini. Kwenye fokasi ya Cassegrain, nyuma ya kioo kikuu, ulinganifu wa vioo hupunguza sana polarisheni ya darubini yenyewe. Kwenye fokasi ya Nasmyth, kioo kilichoinama nyuzi 45 huweza kuongeza asilimia kadhaa zisizotoka angani.

Nne, wingi wa fotoni, yaani chembe za mwanga. Usahihi wa asilimia 0.1 hudai fotoni kama milioni moja. Sehemu moja kwa milioni hudai trilioni. Ndiyo maana polarimita ya HIPPI ya Australia ilielekezwa kwenye nyota angavu kama Regulus, na matokeo ya 2017 yakaonesha kwamba nyota hiyo inajizungusha kwa kasi inayokaribia kuipasua.

Mwisho, sifuri. Mizani ya dukani hukaguliwa ikiwa tupu. Polarimita hukaguliwa kwa nyota zisizo na polarisheni. Dai vipimo vya nyota hizo vya usiku mbalimbali. Sifuri ikiwa si sifuri lakini imetulia, itatolewa kwenye hesabu. Ikiyumbayumba bila sababu inayojulikana, usikiamini chombo hicho, hata kiwe cha bei gani.